Kutoka Busia hadi Oxford: Jinsi Jamii ya Watoaji Inavyokua

Ndugu msomaji, ukivuka mpaka pale Sirari, ukapita Migori na Kisumu, kisha ukaelekea upande wa Uganda, utafika Busia. Ni nchi ya mihogo, mtama na malori yanayosubiri kuvuka. Si mahali ambapo mtu angetazamia kukuta chimbuko la mjadala uliowashughulisha wanafalsafa wa Oxford na matajiri wa California. Hata hivyo, ukitaka kuelewa jamii ya watu wanaojiita wafuasi wa wema wenye tija, ni heri uanzie hapo, kwa majirani zetu, kabla ya kwenda Uingereza.

Katika miaka ya 1980, kijana Mmarekani aitwaye Michael Kremer alifundisha shule ya sekondari magharibi mwa Kenya. Alirudi muongo uliofuata akiwa mwanauchumi. Shirika moja la misaada lilikuwa likijiandaa kusaidia shule za msingi za Busia, naye akapendekeza jambo jepesi kulisema na gumu kulitenda: kwa kuwa fedha hazitoshi kuanza kila mahali kwa wakati mmoja, shule zigawanywe kwa utaratibu usiotegemea utashi wa mtu, kisha zinazoanza zilinganishwe na zinazosubiri.

Jaribio moja la mwanzo lilihusu vitabu vya kiada. Nani angetilia shaka faida ya kitabu? Lakini vitabu havikuinua wastani wa alama. Waliofaidika ni wale wachache waliokuwa tayari mbele ya wenzao. Sababu mojawapo ilikuwa wazi: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto hao Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Mwalimu wa lugha hawezi kuipita habari hii kimyakimya. Mfadhili aliyetoa vitabu vile alikuwa na moyo safi, na stakabadhi zake zote zilikuwa sawa; kilichokosekana ni mtoto kukielewa kile alichopewa.

Mwaka 1998 likaanza jaribio la dawa za minyoo. Shule 75 zenye wanafunzi wapatao 30,000 ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza mwaka ule, la pili mwaka 1999, la tatu mwaka 2001. Kremer na mwenzake Edward Miguel walichapisha matokeo mwaka 2004: utoro ulipungua kwa takriban robo. Alama za mitihani hazikupanda. Ninalitaja hili la pili kwa makusudi, maana wasimuliaji wengi huliacha. Baadaye wataalamu wengine walirudia hesabu hizo, wakakuta makosa kadhaa, na mwaka 2015 ukazuka ubishi mkali ambao haujaisha kabisa. Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 2007 vijana wawili wa Marekani waliotoka katika kazi ya uwekezaji, Holden Karnofsky na Elie Hassenfeld, walianzisha GiveWell, wakijiuliza swali ambalo mashirika mengi ya hisani hayakulipenda: dola moja niliyokupa imefanya nini? Miongoni mwa majibu waliyoyakubali zilikuwamo dawa za minyoo, kwa ushahidi uliotoka kwa watoto wa Busia. Kisha, Novemba 2009, mjini Oxford, Toby Ord na William MacAskill walianzisha Giving What We Can. Mwanachama aliahidi kutoa angalau asilimia 10 ya kipato chake, maisha yake yote, kwa kazi zilizothibitika kufaa. Siku ya kuanza walikuwa 23.

Asilimia 10 haitamshangaza msomaji wa huku. Mkristo anaijua kama fungu la kumi. Mwislamu ana zaka yake ya asilimia 2.5, na hesabu zake amezirithi kwa karne nyingi. Jipya halikuwa kutoa. Jipya lilikuwa kumchagua mpokeaji kwa kipimo, hata kama mpokeaji huyo yuko mbali na msikiti, kanisa au ukoo wa mtoaji.

Hapa ndipo lilipozuka swali la ukuaji. Watu 23 hawawezi kuitwa jamii ya taifa zima. Waanzilishi wangeweza kwenda redioni, kubandika matangazo, kukusanya ahadi kwa maelfu. Baadhi walitaka hivyo. Lakini katikati ya miaka ya 2010 ikapata nguvu hoja ya tahadhari: wazo gumu likienezwa haraka hupotoka. Anayelisikia kwa sentensi moja hubaki na sentensi hiyo tu, naye humpelekea mwenzake pungufu zaidi. Basi wakapendelea njia ya polepole: kitabu kizima badala ya tangazo, vikundi vidogo vya vyuo vikuu, mikutano ya ana kwa ana. Naona walikuwa na haki kuhofia upotoshaji, ila njia yao ilikuwa na gharama ambayo hawakuipima kwa ukali waliouzoea. Jamii inayokua kwa mazungumzo ya vyuoni huvuna watu wa vyuoni. Ikawa ya vijana wenye shahada za vyuo vyenye majina, na ajenda yake ikaanza kufanana nao. Hofu ya mashine zenye akili ikapanda, kichocho kikashuka.

Gharama ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Jamii ndogo yenye malengo makubwa hutafuta mfadhili mkubwa. Sam Bankman-Fried, aliyetajirika kwa biashara ya sarafu za kidijitali, alijitokeza, na fedha zake zikaharakisha mambo ambayo yangechukua miaka. Novemba 2022 kampuni yake ya FTX ilianguka. Mwaka mmoja baadaye mahakama ya New York ilimtia hatiani kwa udanganyifu, na Machi 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Watu waliofundishana kudai ushahidi juu ya kila chandarua hawakuwa wamedai ushahidi wa kutosha juu ya mkono uliowapa fedha.

Umewahi kujiuliza, msomaji, wale wa Busia wako wapi katika hadithi hii? Wamo kama idadi. Na pale walipopewa nafasi ya kusema, walisema. GiveDirectly, shirika linalowatumia watu maskini fedha moja kwa moja kupitia M-Pesa, lilipoingia kaunti ya Homa Bay, sehemu kubwa ya watu walizikataa. Hawakuamini kwamba mgeni angewapa fedha bila masharti. Wengine walinong'ona kwamba zinatoka kwa shetani. Shirika lenyewe lilikiri jambo hilo hadharani, kwa sifa yake. Mtu anaweza kucheka. Mimi nawaona wanakijiji wale wakiuliza swali ambalo Oxford ilipaswa kuuliza juu ya FTX: fedha hizi zimetoka wapi, na kwa nini ziwe nyingi hivi?

Leo wapo vijana wa Nairobi wanaojenga jamii ya aina hiyo kwa ajili ya Kenya yenyewe. Njia ya Oxford iko mbele yao tayari, na ni rahisi kuifuata, kwa kuwa wafadhili wanaifahamu. Lakini Kenya ina njia nyingine ya ukuaji, ambayo haikuhitaji wanachama hata mmoja. Mwaka 2009 serikali ilianza kugawa dawa za minyoo shuleni kitaifa, na zaidi ya watoto milioni 3 walizipata. Waliogawa ni walimu. Walifunzwa kwa muda mfupi, wakapewa vidonge na daftari, wakawaita watoto kwa majina wanayoyajua, na jirani aliyetilia shaka alimuuliza mtu ambaye angemkuta tena sokoni kesho yake. Gharama kwa kila mtoto ilikuwa chini ya dola moja kwa mwaka.