Supu ya kondoo na makorongo ya Kondoa

Wadau, mimi na supu ya kondoo ni damu damu. Juzi kijiweni jamaa akanichokoza: eti supu yangu inaharibu mazingira. Nikacheka. Baadaye nikaanza kusoma, kicheko kikakata. Haya niliyoyapata.

Kwanza, tumbo. Kondoo hucheua kama ng'ombe na mbuzi. Vijidudu vya tumboni vikichachusha majani hutengeneza gesi ya methani, naye huitoa akipiga mbweu. Kondoo wa huku kwetu hukadiriwa kutoa kama kilo 5 kwa mwaka. Ndogo, sio? Lakini kwa kipindi cha miaka 100, kilo 1 ya methani hupasha dunia joto sawa na kilo 28 hivi za hewa ukaa. Na dunia ina kondoo zaidi ya bilioni 1. Piga hesabu mwenyewe.

Pili, meno na kwato. Kondoo hukata nyasi karibu kabisa na ardhi. Wakiwa wachache na wanahamahama, nyasi huota tena na samadi hurutubisha udongo. Wakibanwa wengi sehemu moja, ardhi hubaki uchi, na mvua ikija inaondoka nayo.

Hapo ndipo nikakutana na Kondoa, mkoani Dodoma. Vilima vya Irangi vililiwa na mmomonyoko mpaka vikawa makorongo, na mito ikajaa mchanga. Mifugo haikuwa peke yake: kulikuwa na kilimo cha miteremkoni, na ufyekaji wa misitu enzi za mkoloni ili kufukuza mbung'o. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. Matuta na miti havikutosha. Mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote itoke kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, zaidi ya 80,000. Wote nje!

Matokeo? Nyasi na vichaka vikarudi, watu wakaanza kulima sehemu zilizokuwa mchanga mtupu. Ila tusisahau upande wa pili. Kwa mfugaji kondoo ni benki: ada ya shule, dawa, mahari. Ghafla benki imefungwa. Wengine waliuza, wengine wakapeleka mifugo kwa ndugu mbali, na samadi na maziwa vikapotea nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo wakaanza kuruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa bandani.

Mimi nimejifunza hivi: kondoo mwenyewe hana kosa, kosa ni idadi kuzidi malisho. Na tukichelewa kupunguza wenyewe, siku moja dawa itakuwa chungu kama ya 1979, na atakayeinywa ni mfugaji, sio mimi mnywa supu.

Supu sijaacha, ila nimepunguza. Kama una babu au bibi wa Kondoa anayeukumbuka mwaka huo, tumegee hapo chini. Wewe unaonaje?