Kwa Nini Wachagga Walichimba Mifereji

Watu huchimba mifereji kwa sababu maji na ardhi nzuri mara nyingi havikai mahali pamoja. Zipo sababu nyingine, kama vile kuondoa maji ya mvua yasituame shambani, kuonyesha mpaka wa ardhi au kumzuia adui asiingie kijijini. Lakini mifereji iliyodai kazi nyingi, na matunzo ya vizazi kwa vizazi, ni ile ya umwagiliaji, yaani inayotoa maji mtoni na kuyafikisha kwenye mimea. Katika Afrika Mashariki mfano wake ulio wazi sana uko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako Wachagga waliijenga kwa mamia na kuiita mifongo.

Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895, na wengi hudhani kwamba mito yake hulishwa na theluji ya kilele cha Kibo, ilhali sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua na ukungu wa msitu unaouzunguka mlima juu ya makazi ya watu. Chini ya msitu huo mvua hupungua kadiri mteremko unavyokaribia tambarare, na hata mahali inaponyesha ya kutosha huja kwa majira, masika na vuli, na kuacha miezi mikavu katikati. Mito kama Weruweru, Kikafu na Karanga haikauki katika miezi hiyo, lakini imejichimbia makorongo marefu kwenda chini, wakati nyumba na mashamba yako juu, kwenye migongo ya ardhi iliyo kati ya korongo na korongo. Familia iliweza basi kusikia mto ukinguruma karibu na nyumba yake na bado ikakosa maji, isipokuwa yale ambayo wanawake na wasichana waliyapandisha kwa mabega na vichwa kwenye njia za mwinuko mkali.

Msomaji mdogo anaweza kujiuliza jinsi maji, ambayo siku zote hushuka, yalivyoweza kufika juu ya mgongo wa ardhi bila mashine. Jibu ni kwamba hayakupandishwa hata kidogo: yalichukuliwa mtoni mbali sana huko juu, karibu na msitu, kisha yakateremshwa polepole kuliko mto wenyewe. Tuseme mto unashuka mita 100 katika kila kilomita moja, na mfereji uliochepuka kutoka humo unashuka mita 5 tu kwa umbali huohuo. Baada ya kilomita 2 mto utakuwa umeshuka mita 200 na mfereji mita 10, kwa hiyo mfereji utakuwa juu ya mto kwa mita 190, nao utakuwa umekwisha kutoka korongoni na kupita kando ya migomba. Ustadi wote uko katika kuchagua mteremko huo, kwa maana mfereji ukiinama mno maji hukimbia na kuula udongo hadi kingo zinaporomoka, na ukiinama kidogo mno maji huzubaa, hutua mchanga na tope, na mfereji hujiziba wenyewe. Wachimbaji wa Uchagga walipata mteremko unaofaa kwa macho na uzoefu, bila chombo chochote cha upimaji wa kisasa, na wageni wa Ulaya waliofika karne ya 19, akiwamo Harry Johnston aliyekaa Moshi kwa mangi, yaani mtawala, Rindi mwaka 1884, waliustaajabia utaalamu huo katika maandishi yao.

Mfereji huanzia kwenye banio, yaani kizuizi kinachowekwa mtoni ili sehemu ya maji igeuzwe na kuingia njia mpya. Mabanio ya zamani yalijengwa kwa mawe, magogo, matawi na mabonge ya udongo wenye majani, na ujenzi huo ulikuwa na faida moja kubwa: mafuriko yalipokuja, banio lilivunjika na kuyaachia maji yapite mtoni, badala ya kuyasukuma yote mferejini yakabomoe mashamba. Mahali palipokatwa na bonde dogo maji yalivushwa ndani ya gogo lililochongwa kama hori. Karibu na mashamba wengine walichimba bwawa dogo la kukusanya maji ya usiku, wakati hakuna anayemwagilia, ili yafunguliwe asubuhi kwa nguvu ya kutosha kufika mwisho wa shamba. Majirani zao wa Upare hutumia njia hiyohiyo, na bwawa la namna hiyo huliita ndiva.

Kuchimba ilikuwa kazi ya mara moja, lakini kila mwaka tope lilipaswa kufukuliwa, kingo kuzibwa na banio kujengwa upya, na hapo ndipo mfereji ulipowafunga watu pamoja kwa muda mrefu zaidi ya uhai wa mchimbaji. Ukoo uliochimba ndio uliokuwa na haki ya kwanza, mzee wake akawa msimamizi, na waliotaka maji baadaye walijiunga kwa kuchangia kazi. Maji yaligawanywa kwa zamu, kila mtumiaji akipewa siku yake au sehemu ya siku, na asiyefika siku ya kazi au aliyeiba zamu ya mwenzake alitozwa faini. Ni mpango wa haki kwa sehemu kubwa, ila kasoro yake haifai kufichwa: kuchimba na kujadili mambo ya mfereji kulihesabiwa kuwa shughuli ya wanaume, na wanawake, ambao ndio waliopunguziwa mzigo mzito kuliko wote maji yalipofika nyumbani, hawakuwa na sauti katika mkutano.

Maji hayo yalilisha kihamba, yaani shamba la familia linalozunguka nyumba na kurithiwa, ambamo migomba hukua juu ya mazao mengine na ng'ombe hufugwa ndani ili samadi yao irudi shambani. Katika miezi mikavu yalishuka mpaka mashamba ya chini kumwagilia ulezi, nafaka ambayo pamoja na ndizi hutengenezewa mbege, pombe ya sherehe, matambiko na kazi za ushirika. Kahawa ilipoletwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19 ilikuta maji tayari yako mlangoni, na hiyo ni sababu mojawapo iliyowawezesha wakulima wadogo kuipokea kwa haraka, maana kahawa ya arabika huhitaji maji mengi ya kuoshea baada ya kumenywa. Wakulima hao waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, ushirika ambao upo hata leo.

Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa mkoani Arusha, inaonyesha kwamba maarifa ya namna hii yaliweza pia kufika mwisho. Huko kuna mabaki ya mifereji na mashamba yaliyogawanywa kwa safu za mawe, yaliyolimwa kuanzia karibu karne ya 15 na kuachwa katika karne ya 18, mahali ambapo bila mto wa Engaruka mvua haitoshi kulima.

Mifongo ya Kilimanjaro haijafikia hapo, ingawa mabomba yamechukua kazi ya maji ya kunywa, sheria ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote chini ya mamlaka ya serikali, na vijana wengi waliokuwa wakifika siku ya kufukua tope sasa wanaishi mijini. Mingine imekauka, na mingine bado inatiririka kati ya migomba ya Machame, Kibosho na Marangu. Wazee wanaojua kila mfereji unaanzia wapi, unapita kwa nani na zamu zake zilipangwaje wangali hai katika vijiji hivyo, na walimu wa shule za msingi za huko wangefanya jambo la maana kuwapeleka wanafunzi hadi kwenye banio pamoja na wazee hao, wakachora ramani na kuandika majina, mwaka huu na si baadaye.