Refa Hakujua Kihispania

Kama umewahi kushikishwa filimbi kwenye mechi ya mchangani, unaijua ile hali. Umetoa uamuzi, timu moja inakuja juu, nyingine inashangilia, na nusu ya watazamaji hawajaelewa umeamua nini. Mimi yalinikuta kwenye bonanza moja la chuo. Kadi hazikuwepo, nikamwonya mchezaji kwa mdomo. Kipindi cha pili akarudia, nikamwambia atoke. Akagoma: eti mara ya kwanza tulikuwa "tunaongea tu". Na ukweli ni kwamba sikuwa na cha kumwonyesha.

Kumbe tatizo hilo limewahi kuukwamisha hata mpira wa Kombe la Dunia.

Turudi nyuma kidogo. Uingereza, karne ya 19, kila timu ilikuja na mwamuzi wake. Hao wawili wasipokubaliana, shauri lilipelekwa kwa mtu wa tatu aliyekaa nje ya uwanja, na jina la refa limetoka hapo hapo: mtu wa kupelekewa shauri. Mwaka 1891 akaingizwa ndani, wale wawili wakabaki washika vibendera pembeni. Mamlaka sasa yalikuwa kwa mtu mmoja, ila njia yake ya kuyaeleza ilibaki ile ile, mdomo na mikono.

Sasa fikiria mdomo huo ukiwa wa Kiingereza mbele ya Wachile na Waitalia. Tarehe 2 Juni 1962 jijini Santiago, refa alikuwa Ken Aston, Mwingereza, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa ualimu wa shule. Mechi iligeuka ngumi na mateke. Giorgio Ferrini wa Italia alitolewa mapema tu, akakataa kuondoka mpaka polisi wakaingia kumtoa.

Miaka minne baadaye, Julai 23, 1966, England ilicheza na Argentina uwanja wa Wembley. Refa Rudolf Kreitlein alikuwa Mjerumani, fundi cherehani, na Kihispania hakukijua. Nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, akawa anamfuata akilalamika na kudai mkalimani. Kreitlein akamtoa. Baadaye alieleza kwamba maneno hakuyaelewa, ila sura ya Rattín ilimtosha! Rattín hakuondoka. Mchezo ukasimama dakika kadhaa, na Aston, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa marefa wa mashindano, ikabidi ashuke uwanjani kubembeleza.

Kituko kikubwa zaidi kilikuja baada ya mechi. Magazeti yaliandika kwamba ndugu wawili wa England, Bobby na Jack Charlton, nao walionywa. Ikabidi England iulize FIFA kama ni kweli. Yaani mtu anaonywa mbele ya maelfu ya watu, halafu hana uhakika!

Aston alisimulia kwamba alikuwa akiendesha gari kurudi nyumbani, akasimama kwenye taa za Kensington High Street, London. Njano: taratibu. Nyekundu: simama. Ninachokipenda hapa ni kwamba hakubuni lugha mpya. Aliazima ambayo dereva wa nchi yoyote alikwisha kuijua, na inayosomeka kutoka jukwaa la mbali kabisa, na watu wote kwa wakati mmoja.

Kadi zilianza kutumika Kombe la Dunia la 1970, Mexico. Nyekundu haikutoka hata moja. Ya kwanza ilimfikia Carlos Caszely wa Chile mwaka 1974. Ligi ya England yenyewe ilisubiri hadi 1976.

Na Aston? Miaka yake ya uzeeni alikwenda mara kwa mara Marekani kufundisha marefa wa AYSO, chama cha soka la watoto kinachoendeshwa na watu wa kujitolea. Wanafunzi wake wengi walikuwa wazazi tu, waliofika uwanjani kumtazama mtoto wakaondoka na filimbi shingoni.