Vidole Vitatu Juu ya Mshipa

Pwani "mshipa" ni neno lenye mzigo. Mzee wa Takaungu akikwambia ana mshipa, huenda ni ngiri au busha. Muuguzi akisema anautafuta mshipa, sindano i tayari. Njia za damu, nyuzi za fahamu na maradhi ya kinena vyote vimo humo. Sioni kasoro. Naona tu kwamba tangu zamani hatujakubaliana ni kitu gani kinachopita ndani ya mwili.

Tabibu wa Malindi aliyerithi elimu ya vitabu huanza na mkono. Huweka vidole vitatu kwenye kifundo, chini ya dole gumba, akasikiliza kama pigo ni zito au jembamba, kama mwili ni wa joto au wa baridi. Elimu hiyo ilitoka kwa Galen wa Wayunani, ikapita kwa Ibn Sina, na mabaki yake yamo vinywani mwetu: belghamu na safura asili yake ni majina ya maji mawili kati ya manne ya mwili. Galen alifundisha kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto kwa vitundu visivyoonekana. Ibn al-Nafis, tabibu wa Misri aliyefariki 1288, akakataa: ukuta ule ni mzima, damu haina budi kupitia mapafuni. Mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza akapiga hesabu: kwa nusu saa moyo husukuma damu nyingi kuliko yote iliyomo mwilini, basi lazima ni ileile inayorudi. Nakala ya Ibn al-Nafis ilikuja kutambuliwa Berlin mwaka 1924 tu. Kwa hiyo anayeniambia kuwa vidole vya tabibu ni vyetu na mashine ya presha ni ya Wazungu, namuuliza Ibn al-Nafis atamweka upande gani.

Mganga wa mburuga, yaani ramli, huko kwa Wagiriama, haulizi damu inapita wapi. Anauliza nani, na kwa nini sasa. Mtu kaamka salama, kaenda shambani Ganze, kaanguka. Upande mmoja umekufa, mdomo umepinda. Kwa daktari ni kiharusi, mshipa wa kichwani umeziba au umepasuka. Kwa jamaa waliomzunguka, jibu hilo ni fupi mno. Naliheshimu swali lao, maana mburuga huwakusanya ndugu na mgonjwa akapata watu wa kumkalia. Lakini jibu likimwangukia mzee mwenye mvi, katika kaunti hii ya Kilifi limeshamwaga damu nyingine. Kaya Godoma, hukohuko Ganze, imewahifadhi wazee walioshutumiwa uchawi wakakimbia jamaa zao. Hapo siwezi kusawazisha mizani.

Presha, iletayo kiharusi hicho mara nyingi, huwashinda mganga na tabibu wote wawili, kwani haiumi. Mburuga hupigwa mtu akishaanguka. Tabibu hutafutwa na aliye na maumivu. Hata ukanda wa kupimia presha hospitalini hudanganyika: mtu akiingiwa na hofu mbele ya daktari, namba hupanda. Ndiyo maana watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, mjini Kilifi waliwavalisha watu ukanda unaopima kwa saa 24, kazini na hata usingizini, wakati presha inapotakiwa kushuka.

Na chumvi ni jirani yetu. Kuanzia Gongoni hadi Marereni ni mabwawa yake matupu. Ikizidi, huvuta maji ndani ya damu, mishipa ileile ikabeba zaidi na presha ikapanda. Shirika la Afya Duniani linataka isifike gramu 5 kwa siku, yaani isijae kijiko cha chai.

Mama mkubwa wangu, wa Shela ya Malindi, aliacha vidonge vya presha. "Mwanangu, mimi siumwi, ninywe dawa ya nini?" Sikubishana naye. Nilimshika vidole vitatu vya mkono wa kulia nikaviweka juu ya kifundo cha kushoto, akanyamaza, akisikiliza. Nikamwambia, mama, pigo hilo ni mara laki moja hivi kwa siku, hata ukilala. Akakaa kidogo, kisha akaenda jikoni. Papa wa ng'onda alikuwa ndani ya sufuria tangu usiku, maji yameshakuwa meupe kwa chumvi. Akayamwaga, akatia mengine, akafunika.

"Tutamla kesho," akasema, akaniuliza vile vidonge nimeviweka wapi.