Kazi ya Mikono katika Genkuru

Katika nchi ya Wakurya tangu zamani mtu hakulima peke yake. Majirani waliitana, wakalima leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba akawaandalia pombe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliikuta desturi hiyo, halikuileta.

Basi mwaka 2002 mambo mawili yakakutana. Mpango wa MMEM ulitaka wanakijiji wachangie nguvu zao katika kujenga madarasa, na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulio jirani na Genkuru, ukaanza kuzalisha. Fedha ya mgodi hujenga upesi, sikatai. Lakini darasa la mawe tuliyoyabeba vichwani lilikuwa na wenyewe: upepo ulipoezua bati, hakuna aliyeuliza nani atapanda juu.