Roshani Isiyouza Kitu

Katika miaka ya 1960, abiria aliyefika mapema Grand Central Terminal, stesheni kubwa ya treni katikati ya New York, aliweza kupanda hadi chumba kilichokuwa kwenye roshani ya magharibi na kusikiliza muziki mpaka saa ya safari yake. Chumba hicho kilikuwa cha Acoustic Research, kampuni ya spika ya Cambridge, jimbo la Massachusetts. Hata aliyekuja na dola mfukoni hakuuziwa. Matangazo ya kampuni yalisema wazi: hapa hapauzwi kitu. Aliyeridhika alikwenda mwenyewe dukani, kwa siku yake.

Ugeni wa jambo hili unaonekana ukiyatazama maduka ya wakati ule. Spika zilipangwa ukutani kama mizigo ghalani, mbele yake pana ubao wa swichi. Muuzaji alibonyeza hii, akabonyeza ile, mteja amesimama katikati. Sasa, sikio la binadamu lina udhaifu wake: kati ya sauti mbili zinazokaribiana, ile iliyo juu kidogo tu huonekana tamu zaidi. Muuzaji akijua hivyo, anaweza kuishindisha spika aitakayo bila kusema neno. Na mara nyingi aliitaka ile yenye cha juu kinono. Mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kuchagua sabufa Kariakoo huku besi ikipandishwa mpaka vioo vitetemeke hahitaji kuelezwa zaidi.

Tatizo la pili lilikuwa ukubwa. Besi nzito ilidai kasha kubwa. Klipschorn, spika aliyoibuni Paul Klipsch katika miaka ya 1940, ilimfika mtu mzima kifuani, na ilitaka kona nzima ya sebule kwa sababu kuta zenyewe zilikuwa sehemu ya ufundi wake. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, lakini si kila nyumba ina kona ya kutoa.

Aliyekata fundo hilo hakuwa mhandisi kwa shahada. Edgar Villchur, aliyezaliwa mwaka 1917, alisomea historia ya sanaa. Mambo ya umeme alijifunza jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na vita vilipokwisha akafungua duka la kutengeneza redio New York. Baadaye akawa anaandika katika magazeti ya ufundi wa sauti na kufundisha somo hilo Chuo Kikuu cha New York.

Wazo lake laweza kuelezwa kwa pampu ya baiskeli. Ziba tundu kwa kidole, sukuma mpini, uachie: hewa iliyobanwa inaurudisha. Koni ya spika za zamani ilirudishwa na vishikizo vyake vigumu, na ugumu huo ndio uliochafua sauti nzito. Villchur alivilegeza vishikizo hivyo, akalifunga kasha lisivuje, akaiachia hewa ya ndani kazi ya kuirudisha koni. Kwa spika ya majaribio alitumia kitambaa cha magodoro. Mkewe, Rosemary, ndiye aliyechora namna ya kukikata. Kasha likawa dogo, na besi ikawa safi kuliko ya makabati makubwa. Ndiyo maana habari hii inastahili kukumbukwa: udogo haukuwa kasoro ya kuvumiliwa, ulikuwa sehemu ya dawa.

Alijaribu kuwauzia wazo hilo watengenezaji waliokwisha kujijengea jina, wakamkatalia. Mwaka 1954 akaanzisha Acoustic Research pamoja na Henry Kloss, aliyekuwa mwanafunzi wake. AR-1 ikatoka ikiwa na kasha la lita 50 hivi. Mwaka 1958, santuri za stereo zilipoingia madukani Marekani, kila mpenzi wa muziki alijikuta akihitaji spika mbili badala ya moja, na makabati mawili yangeijaza sebule. AR-3, iliyotoka mwaka huohuo, ilikaa juu ya rafu.

Bado ilibaki kumwaminisha mnunuzi. Thomas Edison alikuwa ametangulia: kuanzia mwaka 1915 alipanga maonyesho ambapo mwimbaji alisimama kando ya gramafoni, na hadhira ikatakiwa kutambua ni yupi anayeimba. Villchur alifanya jaribio gumu zaidi. Kundi la Fine Arts Quartet, watu wanne na ala za nyuzi, walipiga jukwaani. Katikati ya wimbo waliendelea kupeleka pinde zao bila kugusa nyuzi, muziki ukitoka kwenye AR-3. Walikuwa wamerekodiwa mahali pasipo na mwangwi, ili ukumbi usisikike mara mbili. Wasikilizaji wengi hawakujua ni lini wanamuziki walinyamaza.

Jingine lililowavuta wateja lilikuwa dhamana ya miaka 5, iliyolipia vipuri, ufundi, hata nauli ya mzigo kwenda kiwandani na kurudi. Hataza ya Villchur ilipopingwa na kampuni nyingine na kutenguliwa, hakukata rufaa. Wenzake wakatengeneza makasha yaliyofungwa kadiri walivyotaka. Hata hivyo, kufikia mwaka 1966 karibu theluthi moja ya soko la spika za nyumbani Marekani ilikuwa ya AR.

Mwaka 1967 aliiuza kampuni kwa Teledyne. Muda si mrefu JBL ya California ikaleta L100, spika ya sauti kali na changamfu, iliyomshika mteja mara moja pale dukani. AR, yenye sauti tulivu isiyojipamba, ilihitaji kusikilizwa kwa muda, na mbele ya ubao wa swichi muda ndio usiokuwepo.

Villchur mwenyewe alirudi kwenye maabara yake ya nyumbani Woodstock, jimbo la New York, akageukia watu wenye usikivu hafifu. Alibuni njia ya kuzigawa sauti za juu na za chini na kuzikuza kila moja kwa kadiri ya upungufu wa msikilizaji. Matokeo aliyachapisha mwaka 1973 bila kuyawekea hataza, na watengenezaji wa vifaa vya kusaidia kusikia wakayachukua bure. Alifariki mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 94.