Spika Inapoijibu Valvu: Ampu za Kompyuta na Gitaa la Ukambani

Leo tuzungumzie jambo linalowahusu wapenzi wa benga na wapenzi wa kompyuta kwa pamoja: ampu ya gitaa. Huku Kitui na Makueni wengi wetu tumekua tukisikia magitaa ya Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo, Kyanganga Boys ya Peter Mwambi, na Kalambya Boys. Siku hizi kijana anachomeka gitaa kwenye laptopu, anafungua programu na kuchagua ampu. Orodha imejaa Fender, Marshall na Vox. Ampu iliyopigiwa harusi za Mwingi au Wote haimo. Je, tunaweza kuiingiza? Kwanza tuone kazi hii ilikotoka.

Tuanze na ampu ya valvu. Valvu hutoa volteji kubwa na mkondo mdogo. Spika inataka kinyume chake. Katikati hukaa transfoma. Watu hudhani kazi yake ni kupeleka sauti mbele tu, kumbe hurudisha habari nyuma pia. Chukua transfoma yenye uwiano wa mizunguko 30 kwa 1. Spika ya ohm 8 ikifungwa, valvu huiona kama 8 mara 30 mara 30, yaani ohm 7,200.

Lakini hiyo 8 ni jina tu. Koni ya spika ina masafa inayopenda kutikisika, mara nyingi kati ya hezi 80 na 100. Hapo ukinzani wake unaweza kupanda hadi, tuseme, ohm 40. Valvu sasa inaona 36,000! Masafa yakiwa juu sana, koili ya spika huupandisha tena. Matokeo yake besi huvimba, nyuzi nyembamba hung'aa, na noti nzito zikipigwa kwa nguvu kiini cha chuma cha transfoma hushiba na kuzikunja. Ampu nyingi za transista hazina tabia hii. Hushikilia volteji ile ile, spika ifanye itakavyo.

Sasa historia. Mwaka 1989 kampuni ya Tech 21 ya New York ilitoa SansAmp, iliyoiga ampu kwa sakiti za kawaida bila kompyuta. Roland ikaja na VG-8 mwaka 1995, Line 6 ikatoa AxSys 212 mwaka 1996 na POD mwaka 1998. Njia rahisi ya kuandika programu ya namna hii ni mlolongo: kichujio, kisha hesabu ya kukwaruza sauti, kisha kichujio cha spika. Kila hatua inakabidhi namba kwa inayofuata na kusahau. Spika haina njia ya kuijibu valvu.

Dawa ilikuwa imeshaandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mjerumani Alfred Fettweis alibuni vichujio vya mawimbi vya kidijitali, ambamo kila kifaa cha sakiti kina wimbi linaloingia na wimbi linalorudi. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa DAFx mjini Como, Italia, Jyri Pakarinen, Miikka Tikander na Matti Karjalainen kutoka Finland walitumia mbinu hiyo kuiga valvu, transfoma na spika kwa pamoja, papo kwa papo.

Baadaye ikaja njia ya kunakili. Kemper, iliyotangazwa mwaka 2011, hupima ampu yenyewe. Neural Amp Modeler, programu huria ya Steven Atkinson, hufundisha mtandao wa neva kwa rekodi za ampu. Ila kuna mtego: nakala hujifunza kile tu ilichosikia. Ukiondoa spika na kuweka rezista ya ohm 8, umefuta mazungumzo yote. Faili ya kabati utakayoongeza baadaye italeta sauti ya spika, lakini valvu haitajua kwamba spika hiyo ipo.

Ndiyo maana nasema tusingoje kampuni za ng'ambo zituwekee sauti yetu. Ukiona ampu kuukuu ya valvu kwa fundi au kwa mwanamuziki mzee, irekodi ikiwa imefungwa spika yake yenyewe, kabla haijabadilishwa. Mwite fundi anayezijua, maana ndani kuna volteji za mamia. Na usiiwashe bila spika. Transfoma inaweza kuungua, na sauti uliyokuja kuiokoa ikaondoka nayo.